Mbwa ameumia, daktari yuko mbali

Hutokea jioni, watu wanapotoka kazini. Geti la ghorofa hufunguliwa kumpitisha mgeni, mbwa huchomoka, na kabla mtoto hajamaliza kuita jina lake bajaji imeshampitia. Watu hujaa. Mtoto ndiye wa kwanza kufika. Anapiga magoti, anamkumbatia mbwa wake kichwani, na mbwa yule yule anayelala mlangoni kwake miaka yote anamng'ata mkono.

Si kwamba amegeuka mkali. Mbwa mwenye maumivu hatambui mkono wa nani umemgusa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya huduma ya kwanza kwa mbwa haimhusu mbwa kabisa: ni kumrudisha mtoto nyuma. Apewe kazi ya kufanya, kwa sababu mtoto asiye na kazi atarudi pale pale. Akalete kanga. Akamwite baba. Akashike taa ya simu, kwa mbali.

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Posta mpaka Kariakoo, watu hudhani hakuna mbwa. Wapo. Wapo wanaolinda maghala na maduka usiku, wapo wa familia za ghorofani Kisutu na Upanga wanaotembezwa alfajiri kabla Barabara ya Morogoro haijajaa magari, na wapo wa nyumba za zamani za uani ambazo bado hazijavunjwa kupisha ghorofa. Wote wanashiriki tatizo moja: barabara iko hatua tatu kutoka mlangoni, na daktari wa mifugo yuko mbali kuliko hospitali ya binadamu. Muhimbili mtu anaweza kwenda kwa miguu. Kwa daktari wa mbwa, saa mbili usiku, lazima kwanza ajue anakwenda kwa nani.

Basi kazi ya nyumba ni ndogo na ina mpaka: mbwa afike kwa daktari akiwa hai, na asiumie mtu njiani.

Kanga ya kumfunga mdomo

Kanga iliyotajwa hapo juu ina kazi. Mtu mzima anakunja upande wake kuwa utepe mrefu, anafunga fundo la kitanzi, anakipitisha kwenye pua ya mbwa kwa kutokea nyuma yake, anakaza juu ya pua, anashusha ncha mbili chini ya kidevu zikutane, kisha anazifunga nyuma ya masikio. Tai ya shule hufaa. Soksi ndefu hufaa. Kila mwenye mbwa angejaribu mara moja mbwa akiwa mzima, kwa mchezo, maana usiku wa ajali si wakati wa kujifunza mafundo.

Mbwa anayetapika, anayehema kwa shida, aliyezimia au mwenye pua fupi iliyobonyea hafungwi mdomo. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema na ulimi ukiwa nje. Akifungwa mdomo muda mrefu kwenye joto la Dar es Salaam anaweza kufa kwa kanga badala ya bajaji. Huyo afunikwe kichwa kwa taulo lililolegea na ashikwe kwa nyuma ya shingo.

Kumbeba pia kuna namna yake. Aliyegongwa anaweza kuwa amevunjika uti wa mgongo au nyonga, hivyo hanyanyuliwi kwa makwapa kama mtoto. Anasukumwa taratibu juu ya kitu kigumu: ubao, mlango wa kabati, hata boksi nene la televisheni, ambalo Kariakoo halikosekani. Kama hakuna, shuka lishikwe pembe nne na watu wawili. Mfupa uliovunjika haunyooshwi na mtu wa nyumbani.

Penye damu, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa nguvu dakika tano kamili bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu, kwa sababu kila kitambaa kinapoinuliwa damu iliyoanza kuganda hubanduka. Kikilowa, kingine kiwekwe juu yake. Kuna damu isiyoonekana pia. Aliyegongwa akainuka na kutembea kama hajaguswa anaweza kuwa anavuja ndani. Mdomo wake ufunuliwe taratibu, kama anaruhusu, fizi zitazamwe: za mbwa mzima ni za waridi, na zikibonyezwa kwa kidole hugeuka nyeupe kisha rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka, au zinazochelewa kurudisha rangi, maana yake bajaji iitwe sasa hivi, hata kama mbwa anatikisa mkia.

Kariakoo ina Waislamu wengi, na jirani anaweza kusita kumgusa mbwa kwa sababu ya mate yake. Hilo linaeleweka na halimzuii kusaidia. Anaweza kusimamisha magari, kuita bajaji, kushika pembe ya shuka. Boksi la glavu za mpira huuzwa kwenye duka lolote la dawa za binadamu, na likikaa nyumbani linamaliza ubishi. Hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, watoto wa madrasa wanaijua.

Sumu ya panya

Nani hajamsikia muuzaji anayepita na kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni? Bidhaa yake inaua panya kweli. Shida ni kwamba mara nyingi imo ndani ya kijikaratasi kisicho na jina, na daktari anayempokea mbwa anahitaji kujua ni sumu gani, kwa kuwa sumu za panya haziui kwa njia moja na hazitibiwi kwa dawa moja.

Aina ya kwanza huzuia damu kuganda. Hii ndiyo inayowadanganya wenye mbwa, maana mbwa hula leo na kuonekana mzima leo, kesho pia. Siku ya pili hadi ya tano ndipo anapolegea, anakohoa, fizi zinapauka, au damu inatoka puani na kwenye haja. Ina tiba nzuri, vitamini K1, ambayo daktari huendelea kumpa kwa wiki kadhaa, na akianza mapema mbwa wengi hupona. Kwa hiyo aliyeonwa akila chambo cha panya anapelekwa siku hiyo hiyo. Kusubiri dalili ni kupoteza siku ambazo tiba ingefanya kazi vizuri zaidi.

Aina ya pili ni viuatilifu vya shambani vinavyouzwa kinyemela kama sumu ya panya. Hivi havichelewi. Ndani ya dakika chache au saa chache mbwa anatokwa mate mengi na machozi, anatapika, anaharisha, misuli inacheza chini ya ngozi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, kisha degedege. Daktari ana dawa ya kuchoma. Nyumbani hakuna. Wezi nao hutumia njia hii hii, nyama yenye sumu ikirushwa juu ya ukuta, na mlinzi akimkuta mbwa anatokwa povu asubuhi ni vizuri akakumbuka kuwaamsha wenye nyumba kabla watoto hawajatoka kucheza uani, kwa sababu kipande kingine kinaweza kuwa bado kiko chini.

Nyumba nyingi hapa hukimbilia maziwa. Wengine mafuta ya kula, yai bichi, maji ya chumvi, au mkaa wa jiko uliosagwa. Maziwa hayaui sumu. Mafuta yakimiminwa kwa nguvu huingia kwenye mapafu, na mbwa aliyepona sumu anaweza kufa kwa nimonia. Maji ya chumvi ni sumu yenyewe: chumvi nyingi hupandisha kiwango chake kwenye damu na kuleta degedege. Mkaa unaotumiwa na madaktari umetengenezwa kwa namna ya pekee, si ule wa gunia. Kumtapisha kunaweza kusaidia kwa sumu fulani ndani ya muda mfupi, na kunaweza kumuua kwa sumu nyingine au akiwa tayari amelegea. Uamuzi huo ni wa daktari, kwa simu au ana kwa ana.

Kinachosaidia ni vitu vinne vya kumwambia daktari: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na mbwa ana uzito gani. Kijikaratasi kilichobaki, hata kama hakina jina, kipigwe picha na kichukuliwe kwa glavu. Matapishi kidogo kwenye chupa yanaweza kumsaidia pia.

Kuna sumu nyingine zilizo jikoni na kabatini ambazo hakuna anayezishuku. Zabibu kavu za kwenye pilau na biriani zinaweza kuharibu figo za mbwa. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe za damu yake. Chokoleti nyeusi huenda kwenye moyo. Bigijii isiyo na sukari, yenye utamu unaoitwa ksailito, hushusha sukari ya damu ya mbwa haraka mpaka akaanguka. Sahani ya sikukuu ikibaki, mtoto mwenye huruma humpa Simba. Huruma hiyo ielekezwe kwenye wali mweupe.

Na Panadol. Mzazi aliyezoea kupima dozi ya mtoto kwa kilo hujaribu kufanya hivyo kwa mbwa anayechechemea. Parasetamo inaweza kuharibu ini la mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuchosha figo. Mbwa ana dawa zake za maumivu, na zinatoka kwa daktari wake.

Dawa ya kupe nayo itajwe. Wengine hununua dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye duka la pembejeo, wanakadiria kwa kizibo, wanampaka mbwa. Akianza kutetemeka na kutokwa mate baada ya kuogeshwa, aoshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni ya kuoshea vyombo, mwoshaji akiwa na glavu, kisha safari ianze.

Joto la Februari

Miezi ya joto jijini, Desemba hadi Machi, ina unyevunyevu ambao binadamu analalamikia ilhali anatoa jasho. Mbwa hatoi jasho mwilini la kumsaidia. Ana ulimi tu. Aliyefungwa juu ya paa la zege, au aliyeachwa ndani ya gari pale Posta "dakika tano" mwenye gari akipanga foleni benki, yuko hatarini hata kioo kikiachwa wazi kidogo. Mbwa wenye pua fupi huanguka kwanza.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na ushee. Likifika 41 ubongo na utumbo vinaanza kuungua. Dalili ni kuhema kwa nguvu bila kutulia, fizi nyekundu sana, mate mazito, kuyumba, kutapika. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, na feni iwashwe imuelekee. Taulo lililolowa lisiachwe limemfunika, huwa blanketi. Anywe kidogo kidogo kama ana fahamu, asilazimishwe. Kisha apelekwe kwa daktari hata kama ameinuka, kwa sababu figo na damu vinaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Kitu kimekwama kooni, au si kooni?

Mtaa wenye mishkaki na mahindi ya kuchoma una ajali zake. Kijiti cha mshikaki kina harufu ya nyama, mbwa hukimeza kizima na kinaweza kutoboa utumbo. Gunzi la hindi huziba utumbo mdogo, na mbwa hutapika siku mbili tatu kabla mtu hajakumbuka jioni ya gunzi. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Hayo ni ya daktari, na mengine ni ya kisu.

Aliyekabwa kweli anapaparika kwa kukosa hewa, ulimi unakuwa wa bluu. Mtu mzima anafungua mdomo, anatazama kwa taa, na akikiona kitu anakivuta. Asipokiona asichokonoe kwa kidole, atakisukuma ndani. Mbwa mdogo ashikwe miguu ya nyuma, kichwa chini, apigwe mgongoni kati ya mabega. Mkubwa akumbatiwe kwa nyuma, ngumi iwekwe chini kidogo ya mbavu, ivutwe ndani na mbele mara tano kwa haraka.

Lakini kuna tahadhari ambayo wazazi wengi hawajaisikia. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Taya hulegea, mate humtoka, hawezi kumeza, sauti hubadilika. Mwenye mbwa kwa wema wake hutia mkono kinywani kutafuta mfupa ambao haupo. Kwa hiyo mbwa ambaye tabia yake ilibadilika siku za karibuni, asiyechanjwa, au asiyejulikana, asitiwe mkono mdomoni na mtu yeyote. Kwa sababu hiyo hiyo asipulizwe hewa kwa mdomo. Mbwa aliyezimia asiyepumua alazwe ubavu na akandamizwe kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikishuka theluthi moja mpaka nusu ya upana wake. Wengi hawarudi, na mzazi ni vizuri alijue hilo kabla.

Degedege peke yake ni rahisi kwa watazamaji ingawa inatisha: vitu viondolewe karibu naye, taa zipunguzwe, saa itazamwe. Kijiko kisitiwe mdomoni, wala kitunguu kisisogezwe puani. Ikizidi dakika tano, au ikirudia, ni dharura. Kwa mbwa aliyenaswa na umeme baada ya kutafuna waya wa chaja, swichi kuu izimwe kwanza, ndipo aguswe.

Akimng'ata mtoto

Turudi kwa mtoto wa getini. Jeraha lake, hata likiwa mkwaruzo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto atalia, mama atataka kuacha dakika ya tatu. Asiache. Maji na sabuni huondoa na kuua virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Mafuta ya taa, majivu na pilipili havina kazi hapo. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo, na daktari wa binadamu ndiye anayeamua kuhusu chanjo. Dozi zina ratiba ya siku kadhaa, na zote zikamilishwe.

Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo huzuia. Imekuwa hivyo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa mara nyingi, naye akaishi. Shirika la Afya Duniani linasema takriban wanne kati ya kila kumi wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto chini ya miaka 15, na karibu maambukizi yote ya binadamu hutokana na mbwa. Watafiti waliotumia takwimu za majeraha ya kung'atwa nchini walikadiria mwaka 2002 kwamba Tanzania hupoteza watu karibu 1,500 kila mwaka. Kwamba unaweza kumalizwa, Pemba imeonyesha: uliondolewa kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, mbwa wakachanjwa tena, na kufikia 2018 maambukizi yakakatika.

Watoto huficha kung'atwa wakiogopa kugombezwa au mbwa wao kuuawa. Wasigombezwe. Mbwa aliyemng'ata kwa maumivu ya ajali, akiwa hai na anajulikana, hauawi. Anatunzwa mahali pamoja na kuangaliwa siku kumi, huku mtoto akiendelea na matibabu kama daktari alivyosema. Kadi ya chanjo ya mbwa ichukuliwe hospitali pamoja na mtoto.

Mbwa akifa katika siku hizo, au akifa akiwa na tabia iliyobadilika, mzoga usizikwe kimyakimya wala kutupwa jalalani. Daktari wa mifugo wa halmashauri aarifiwe, kwa sababu ugonjwa huthibitishwa kwa kupima ubongo, na Wakala ya Maabara ya Veterinari ina makao yake hapo hapo Temeke.

Yote haya yanahitaji namba ya simu iliyopatikana mchana. Mzazi amtafute daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, amuulize kama anapokea usiku na kama anafika mjini, na aandike namba yake kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango, chini yake namba ya dereva wa bajaji anayekubali kubeba mbwa. Si wote wanaokubali. Anayekubali mara nyingi ataomba turubai au boksi litandikwe kwanza. Karibu na mlango huo kuwe na mfuko mmoja: bandeji mbili, pamba, glavu, kipande cha sabuni, kipimajoto cha mbwa peke yake, shuka kuukuu, na utepe wa kanga uliokwisha kukatwa.